Nani Atamleta Fidencio

Bango lenyewe halikuzidi ukubwa wa sinia, lakini lilitosha kuharibu chakula cha jioni. Yareli alikuwa amelichomeka kwenye majani mbele ya nyumba, likitazama barabara: bango la bluu, na jina la Daktari Gretchen Aasen, anayetaka usherifu, kwa herufi nyeupe. Baba yake, Fidencio Tzanahua, alipotoka kazini alilipita, akarudi, akaling'oa, akaingia nalo ndani kama mtu aliyemkamata kuku wa jirani.

"Hili limeota lenyewe?"

"Ni langu, baba. Nina kura yangu sasa."

"Kura ni yako. Majani ni ya nyumba. Sitaki kitu hapo mbele kinachowafanya wenye magari wapunguze mwendo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Delfina, mama wa nyumba, alikwisha kuapishwa kuwa raia, na Yareli alizaliwa hapahapa kwetu, kaunti ya Hollenbeck, Wisconsin. Fidencio ndiye hakuwa na karatasi. Alivuka mpaka ujanani, akarudi Veracruz kumzika mama yake, akavuka tena, na sheria ya Marekani haina msamaha kwa wa mara ya pili, hata awe na mke raia. Asiye na karatasi hapati leseni ya gari katika jimbo letu, na asiye na gari hafiki kwa ng'ombe. Kwa hiyo kila alfajiri aliendesha hadi shamba la maziwa la Verlyn Tollefsrud akimwomba Mungu taa za nyuma zisizimike. Sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kwetu huchaguliwa kwa kura, na yeye ndiye anayeamua kama mtu aliyekamatwa bila leseni atalipa faini arudi kazini au atakabidhiwa kwa watu wa uhamiaji. Katika nyumba ile uchaguzi haukuwa siasa. Ulikuwa ni baba kuwepo au kutokuwepo.

"Daktari Gretchen amesoma, baba," Yareli alisema. Alikuwa amefunga mwaka wake wa kwanza chuo kikuu na maneno bado yalikuwa ya moto. "Ameandika kitabu kizima juu ya wahamiaji. Halafu ni Mbluu. Rollie wako anayeshindana naye hata mlango wa chuo hakuuona, na ni Mwekundu. Bango lake limeandikwa Sheria ni Sheria. Unataka akwambie kwa lugha gani?"

"Daktari wa vitabu, si wa sindano. Ukiugua atakusomea."

Delfina aliinama kwenye sahani asionekane anacheka.

"Rollie Kuschel alinikuta gari limeingia mtaroni, theluji hii hapa," Fidencio aliendelea, akionyesha kiunoni. "Na sare zake za polisi. Alijua sina leseni. Akafunga mnyororo, akanivuta, akaniuliza kama ndama wa Verlyn wamepona kuhara. Leo nimpime kwa rangi ya bango?"

"Kukuvuta mara moja si sera, baba."

"Na kitabu si mnyororo, msomi wangu."

Ndivyo tulivyo Hollenbeck. Wekundu na Wabluu, vyama vyetu viwili, tunashikana mashati kama washabiki wa mpira, na hakuna anayeuliza mchezaji amefanya nini, tunauliza amevaa jezi gani. Delfina aliwasikiliza wote wawili huku akifunika mikate ya mahindi kwa kitambaa isipoe.

"Mmoja anapima shahada, mwingine anapima mnyororo," alisema. "Sijasikia hata mmoja wenu aliyewauliza wenyewe."

"Utawaulizia wapi, mama?"

"Jumamosi. Si wanakuja kula?"

Hapo Fidencio akachukua mkate, akaukunja. Kila Juni shamba moja la maziwa hulisha kaunti nzima kifungua kinywa, na mwaka ule zamu ilikuwa ya Verlyn. Fidencio alikuwa amepaka banda rangi na kuwasugua ndama mpaka wanang'aa. Mchana wa siku ile ya bango Verlyn alimjia akiwa na kofia mkononi. "Umefanya kazi sana, Fidencio. Jumamosi ukishakamua ya alfajiri, nenda zako kapumzike. Usijisumbue na fujo zetu." Mgeni angeshukuru. Kwetu hakuna anayemwambia mwenzake hapana, tunamwonea huruma mpaka anaondoka mwenyewe, na Fidencio alikuwa ameishi nasi muda wa kutosha kujua kwamba ameambiwa asionekane. Delfina ndiye aliyealikwa, akakaange mayai, kwa kuwa yeye karatasi anazo.

"Nusu ya wale ng'ombe nimewavuta kwa mikono hii kutoka tumboni mwa mama zao," Fidencio alisema. "Watu watakuja kupiga nao picha, mimi nimelala kama mgonjwa."

Mkate aliokuwa ameukunja aliurudisha kwenye kitambaa. Yareli aliinuka akaenda kuosha vyombo.

*

Jumamosi magari yalijaa shambani mpaka kwenye mahindi. Polisi wa kaunti walisimama getini wakiyaelekeza. Ndani kulikuwa na kinanda cha mkono, watoto kwenye trekta, chapati za maji, soseji, jibini mbichi na maziwa ya kunywa mpaka uchoke. Na kama ilivyo desturi, kila mgombea alivaa aproni akasimama kwenye meza kugawa chakula, maana mtu asiyeweza kukuwekea yai kwenye sahani bila kulidondosha, huku kwetu hachaguliwi hata kuwa mtunza makaburi.

Delfina alikuwa kwenye kikaango kikubwa. Daktari Gretchen ndiye aliyetangulia kusimama kando yake, mwanamke mrefu mwenye miwani na mikono isiyozoea mwiko. Delfina alimpa kahawa, naye akaipokea papo hapo akashukuru. Delfina alimstahi kwa kutocheka. Kwetu mtu aliyelelewa vizuri hukataa mara mbili, anapokea ya tatu, lakini huyu alikuwa amehamia kutoka mjini.

"Daktari, nina swali," Delfina alisema akigeuza mayai. "Wewe ni sherifu. Askari wako amemsimamisha mtu alfajiri, taa imekufa, leseni hana, karatasi hana. Mpaka wakati wa kukamua, huyo mtu yuko wapi?"

"Swali zuri sana. Kwanza tunahitaji mfumo unaozingatia utu. Jamii zilizo pembezoni zimeumizwa mno. Ningeunda jopo la wadau wote, wakulima, makanisa, wahamiaji wenyewe..."

"Ndiyo. Lakini yeye yuko wapi? Yuko ndani, au yuko kwa ng'ombe?"

Daktari alifungua kinywa. Wakati huohuo msaidizi wake, bibi mmoja wa makamo mwenye kamera shingoni, akamvuta kiwiko akapige picha na watu wa ushirika wa maziwa. "Tutazungumza," Daktari alisema. Yareli, aliyekuwa akimimina maziwa meza ya pili, alisikia yote. Uso ulimshuka.

Rollie Kuschel alikuja baadaye, jitu la mtu, aproni juu ya sare. Alikuwa naibu wa sherifu tangu Yareli hajazaliwa. Kahawa aliikataa, akaikataa tena, akaipokea. Delfina akamuuliza swali lilelile, neno kwa neno.

"Leseni tu? Nitamwandikia faini. Gari litabaki palepale, yeye aende kwa miguu," Rollie alijibu huku akipanga soseji. "Watu wa uhamiaji sitawapigia simu. Lakini wao wakinipigia, wakaniuliza kama yupo, nitawajibu ukweli. Siidanganyi serikali."

"Hata kama unamjua?"

"Namjua, Bi Delfina. Ni Fidencio. Na wewe pia sitakudanganya."

Yai likaungua. Delfina alilikwangua akalitupa, akapasua jingine.

Mbele ya meza mama mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa akimsifu Verlyn kwa usafi wa zizi. "Ng'ombe wote hawa, nani anakamua?"

"Sisi wenyewe tu," Verlyn alisema. "Familia."

LaVonne, mke wake, aliangalia chini kwenye unga. Mimi nilikuwa kwenye ule mstari, sahani mkononi, na kila mtu aliyekuwa karibu alijua ule ni uongo. Tuliomba chumvi.

*

Ng'ombe ndio hawakuomba chumvi. Pale shambani hukamuliwa mara tatu kwa siku, na ilipokaribia adhuhuri walianza kulia. Verlyn alikuwa amejipa moyo kwamba yeye na mwanawe wataimudu zamu ile. Kumbe mwanawe hakuwa amegusa kiwele tangu alipooa akahamia mjini, na ng'ombe wanaujua mkono waliouzoea. Walirusha mateke, wakang'oa mashine, wakaziba mlango wa banda, na waliobaki nyuma viwele vilikuwa vimejaa mpaka maziwa yanadondoka chini. Kilio kilipanda mpaka mpiga kinanda akaacha. Watoto wakauliza kama ng'ombe wanachinjwa.

Verlyn alimjia Delfina, shati limelowa. "Mpigie simu Fidencio," alinong'ona. "Tafadhali."

"Apite wapi, Verlyn? Getini kuna polisi."

"Sijui. Lakini wanaumia."

Delfina aliweka mwiko chini. Ni mwanamke mfupi, na kanisani huimba kwa sauti ya kuazima, lakini siku ile sauti yake ilifika mpaka kwenye trekta.

"Ng'ombe hawa anawakamua mume wangu. Wao ndio wanaomwita. Yuko nyumbani kwa sababu ameambiwa asionekane, na akiendesha gari kuja hapa atakamatwa. Asubuhi niliwauliza swali wanaotaka usherifu. Sasa nauliza tena, mbele za watu. Nani atamleta Fidencio?"

Nimeishi na watu hawa nusu ya umri wangu, na sijapata kuwaona wakikosa namna hiyo mahali pa kuweka macho.

Daktari Gretchen alianza kufungua aproni. Msaidizi wake alimshika mkono. "Usithubutu. Kuna kamera. Ukimpakia mtu asiye na karatasi, ipo sheria ya kukushitaki kwa kumsafirisha."

"Naijua. Naifundisha." Alimgeukia Delfina, uso mwekundu. "Asubuhi nilikujibu upuuzi. Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Mama, naenda naye," Yareli alisema, na mtungi wa maziwa ukabaki mezani.

Rollie alikuwa bado ameshika koleo la soseji. "Mimi siwezi kumleta," alisema polepole, watu wote wakisikia. "Nikimweka kwenye gari la kaunti nikiwa na sare hii, nimemkamata." Kisha akaliweka koleo, akatembea hadi getini, akawaambia askari wake waende wakale. Alisimama katikati ya barabara peke yake, akasimamisha magari yote kwa kiganja. Gari dogo la Daktari liliporudi likiwa na watu watatu, alilipisha kwanza. Hakuinama kutazama ndani.

Fidencio aliingia bandani na viatu vya mpira, hakumsalimu mtu. Alipiga mluzi wake, ule wa sauti mbili, na ng'ombe wa mbele akageuza kichwa. Wakaanza kuingia mmoja mmoja. Verlyn alikuwa na mlango mkubwa wa kuwafungulia wageni waone ukamuaji, na tangu asubuhi alikuwa ameufunga. Aliusukuma ukafunguka. Tulisogea tukasimama pale na sahani zetu. Mikono ya mtu yule ilikuwa ikipita chini ya ng'ombe bila haraka, inafuta, inagusa, inapachika, na kelele ikapungua mpaka ikabaki ya mashine tu. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama, na wengi wetu tulikuwa tukiinywa kila siku bila kuiona.

"Huyo ni nani?" aliuliza mama wa kofia ya majani.

"Ndiye anayekamua," Verlyn alisema. "Pale mezani nilikwambia uongo. Kundi hili limelelewa na huyu."

Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Fidencio akainua kichwa, akamwambia Yareli neno kwa Kihispania.

"Baba anasema asanteni," Yareli alitangaza, "na muache, mnawatisha."

Jioni wageni walipotawanyika, Rollie alimkuta Delfina akisugua kikaango. "Novemba usinichague kwa sababu ya leo," alimwambia. "Nilichosema asubuhi ndicho nitakachofanya."

"Nimekusikia," Delfina alisema.

*

Novemba mambo yaligeuka juu chini katika nyumba ile. Yareli ndiye aliyeanza kumtetea Rollie.

"Alisema ukweli mama, na akafukuza askari wake getini. Daktari alimung'unya maneno."

"Halafu akafunga mdomo, akawasha gari," Delfina alijibu. "Rollie nampenda. Nikifa, abebe jeneza langu. Lakini kaniambia kwa kinywa chake kwamba wakimuuliza atajibu. Mtu mkweli akikwambia atakachofanya, umwamini. Kura simpi."

"Kwa hiyo ni shahada?"

"Shahada gani. Ni kwamba alijua ile sheria itamfanya nini, akaenda."

Fidencio, asiye na kura, alisikiliza akinoa kisu. "Mimi ningempa Rollie," alisema.

"Ndiyo maana hawakukupa," Delfina akamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu Juni walicheka wote watatu.

Rollie alishinda kwa mbali. Hollenbeck ni nyekundu mpaka kwenye mifupa, na nusu ya waliomchagua walichagua bango. Daktari alirudi kufundisha.

Februari, Ijumaa mchana, gari binafsi la Rollie lilisimama mbele ya nyumba. Hakuwa na sare. Alikung'uta theluji mlangoni, akaketi pale alipoonyeshwa, kofia juu ya goti. Fidencio alikuwa amerudi kula kabla ya zamu ya mchana. Jikoni kulinukia tamali, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, zikiwa bado juu ya mvuke.

"Kula, sherifu," Delfina alisema.

"Asante, nimeshiba." Alimtazama Fidencio. "Zile picha za Juni zimezunguka. Kuna mtu amezipeleka kwa watu wa uhamiaji. Leo asubuhi barua yao imefika mezani kwangu, wanauliza kama unaishi na kufanya kazi katika kaunti yangu. Jumatatu nitawajibu."

Delfina alihisi maneno yake ya Juni yakimrudia yote, moja moja, kwa sauti ileile.

"Mimi ndiye niliyesema mbele za watu," alisema.

"Na mimi nilikamua mbele za watu," Fidencio alimjibu. "Sikuwahi kabla yake. Usininyang'anye siku ile, mke wangu."

Delfina alifuta macho kwa ncha ya aproni. "Kula, sherifu."

"Hapana, nisiwasumbue."

"Kura yangu nilimpa mwenzako. Nataka ujue."

"Nilidhani hivyo. Ulifanya sawa." Rollie aliinuka. Akaizungusha kofia mkononi, jitu la mtu lisilojua litoke vipi. "Ningeweza kuja Jumatatu na pingu nikasema ni kazi. Nilikuwa nafikiria hilo njiani. Nimeshindwa."

Yareli aliwatazama wazazi wake. Alitaka kumchukia mtu yule, akajaribu kweli, lakini chuki haikupanda. Delfina alifunua sufuria, akatoa tamali mbili, akaziweka kwenye sahani mbele ya kiti kilichoachwa wazi.

"Kula," alisema mara ya tatu.

Rollie aliketi akala. Alikuwa bado anakula Delfina alipompigia simu Daktari Gretchen, na ule mlio wa gari dogo kwenye theluji tuliusikia nyumba za jirani. Daktari aliingia, akamwona sherifu mezani, akapewa sahani akaipokea palepale. Wagombea wawili walikaa meza moja, goti kwa goti, na bango halikuwepo hata moja.

"Ng'ambo ya mto," Daktari alisema kinywa kikiwa bado na chakula. "Jimbo la Minnesota. Miaka mingi nafundisha tofauti ya sheria zao na zetu. Akihamia kule ataruhusiwa kupata leseni, hata bila karatasi. Karatasi zenyewe sitamdanganya, hizo hazipo kwa sasa. Lakini leseni ni haki yake, na nitamtafutia wakili. Kuna mahali pa kufikia?"

"Binamu yangu anakamua kule," Delfina alisema. "Wanatafuta mtu."

Rollie alikunja maganda ya tamali vizuri kwenye sahani. "Mazungumzo haya mimi sikuyasikia," alisema, akatoka kwenda kukaa garini mwake mpaka walipomaliza.

Jumapili alfajiri Fidencio aliwakamua ng'ombe wa Verlyn kwa mara ya mwisho. Mluzi aliurudia mbele ya mtoto wa Verlyn mpaka akaushika, ingawa aliupiga kama mtu mwenye pengo. Verlyn alimkumbatia, jambo ambalo wanaume wa kwetu hulifanya wakifiwa tu. Delfina na Yareli wangemfuata muhula ukiisha. Kura zao nazo wangezihamisha.

Jumatatu Rollie Kuschel alijibu ile barua kama alivyoahidi. Alisema mtu huyo anamjua, kwamba alikuwa mkamuaji bora aliyepata kumwona, na kwamba katika kaunti yake hayupo.

Saa hiyohiyo, ng'ambo ya mto, gari dogo lilikuwa limeegeshwa nje ya ofisi ya leseni. Fidencio alikuwa nyuma ya usukani, mikono imelala mapajani. Kando yake Daktari alikuwa ameshika kitabu cha alama za barabarani karibu na miwani, akisoma maswali kwa Kihispania cha shuleni, neno baada ya neno.

"Soma tena, daktari," Fidencio alisema.

Akamsomea tena.